Mwenye Programu na Mwenye Daftari

Zamani karani aliponunua daftari dukani, shughuli yake na mpiga chapa ilikwisha palepale. Mpiga chapa aliuza karatasi zenye mistari. Karani akaenda zake, akaandika ndani yake madeni ya wateja, au majina ya wagonjwa, au hesabu ya magunia ya kahawa yaliyoletwa na wanachama wa ushirika. Hakuna mpiga chapa aliyepata kurudi baada ya mwaka mmoja, akabisha hodi na kusema, "Nimebuni mistari mizuri kuliko ile, nipe daftari lako niibadilishe." Kama angefanya hivyo angedhaniwa mwendawazimu, na kama angelichukua daftari lile na kurudisha jipya lisiloandikwa kitu, angepelekwa mbele ya kadhi.

Katika zama za kompyuta jambo hilo la ajabu limekuwa la kila mwezi. Programu ya kutunza hesabu za duka, orodha ya vitabu vya maktaba au rejista ya zahanati ni daftari ambalo mpiga chapa wake hakomi kurudi. Huja na toleo jipya mkononi. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na mara nyingi mwenyeji hupona kweli, maana toleo jipya huondoa kasoro za lile la kale na kuleta manufaa ambayo hayakuwapo. Lakini mgeni huyu haketi barazani. Huingia hadi chumba cha ndani lilipo sanduku la hati, naye aghalabu huingia mwenye nyumba akiwa hayupo.

Nakusudia kueleza hapa namna watungaji wa programu za hifadhidata, zile ndogo zinazokaa katika kompyuta ya mezani ya mtu mmoja au ofisi moja, walivyojifunza tangu mwaka 1978 kuingia katika chumba kile bila ya kuvunja kitu. Walijifunza polepole, na wengine walijifunza kwa hasara ya watu wasiowajua. Vitabu vya taaluma hii hulisimulia jambo hili kama fundo la ufundi. Mimi naliona zaidi kuwa ni swali la amana: katika vitu vilivyomo ndani ya kompyuta, kipi ni mali ya aliyetunga programu, na kipi amewekewa tu akitunze?

Habari yetu yaanza Pasadena, katika jimbo la California nchini Marekani. Wayne Ratliff alikuwa akifanya kazi katika Jet Propulsion Laboratory, maabara inayoshughulika na vyombo vya angani, lakini kilichomsukuma hakikuwa nyota wala sayari. Ofisini kwao palikuwa na mchezo wa kubahatisha matokeo ya mpira wa Kimarekani, naye alitaka kushinda. Akakusanya takwimu za magazeti mpaka akaona kuwa kalamu na karatasi havitoshi. Mwaka 1978 alianza kutunga nyumbani kwake programu ya kupanga habari zile, akifuata mfano wa JPLDIS, programu iliyokuwa ikitumika katika kompyuta kubwa ya maabara. Aliiita Vulcan. Haikupata wanunuzi wengi hadi George Tate na Hal Lashlee walipoichukua na kuiuza mwaka 1981 kwa dola 695, wakaipa jina la dBASE II. Hapakuwa na dBASE I. Namba ya pili ilichaguliwa ili mnunuzi adhani kuwa kitu hiki kimekwisha komaa. Kampuni yao iliitwa Ashton-Tate, na huyo Ashton naye hakuwapo. Biashara ina adabu zake.

Ili msomaji aelewe hatari ilikuwa wapi, yafaa atazame jinsi dBASE ilivyoweka kumbukumbu. Kila jedwali lilikaa katika faili lake, lenye jina linaloishia kwa herufi DBF. Mwanzoni mwa faili palikuwa na utangulizi mfupi. Baiti ya kwanza kabisa ilitaja kizazi cha faili, yaani 2 kwa dBASE II, na baadaye 3 kwa jedwali la kawaida la dBASE III. Ikafuata idadi ya rekodi, kisha jina, aina na upana wa kila safu. Baada ya utangulizi zilipangwa rekodi zenyewe, zote za urefu mmoja, kama vyumba vya kambi ya manamba. Ikiwa safu ya jina imepewa nafasi 20, Ali alipata nafasi 20, na Abdulrahman naye alipata 20. Rekodi iliyofutwa haikuondolewa papo hapo, bali ilitiwa alama ya kinyota mbele yake, ikabaki pale hadi mwenyewe atoe amri ya kufyeka.

Mpango huu ulikuwa mwepesi, na wepesi wake ndio ulioufanya ufanye kazi katika mashine dhaifu za siku zile. Lakini karani wa ushirika wetu akitaka kuongeza safu moja tu, tuseme namba ya uanachama, kila rekodi yapasa irefuke, na kwa hiyo faili zima lazima liandikwe upya. Katika dBASE II, amri ya kubadili muundo wa jedwali ilifuta rekodi zote zilizokuwamo. Sisemi kwamba ilizifuta kwa bahati mbaya; ndivyo ilivyotungwa. Programu ilitoa onyo, ikauliza ndiyo au siyo, na mtu aliyejibu ndiyo kwa kuzoea kujibu ndiyo aliachiwa jedwali zuri lenye safu mpya na lisilo na mwanachama hata mmoja. Kutoboa dirisha kulitaka nyumba ibomolewe.

Mafundi wa wakati ule walipata njia, nao waliifundisha kwa vitabu na kwa mdomo. Kwanza unanakili muundo wa jedwali peke yake, bila rekodi, katika faili jipya. Pili unabadili muundo wa faili hilo jipya, ambalo halina la kupoteza. Tatu unaamuru rekodi za faili la kale zimiminwe katika jipya, kila safu ikitafuta yenye jina kama lake. Nne, baada ya kuhesabu na kuona kuwa idadi ni ileile, unaliweka kando faili la kale na kulipa lile jipya jina lake. Naomba msomaji aukumbuke mwendo huu wa hatua nne, maana tutakutana nao tena miaka mingi mbele, umevaa nguo nyingine.

Mwaka 1984 ilitoka dBASE III, nayo ilizifanya hatua hizo yenyewe na kuacha nakala ya akiba. Hata hivyo palibaki shimo moja la ajabu. Safu ikibadilishwa jina peke yake, programu iliweza kuitambua kwa mahali ilipokaa. Ikibadilishwa upana peke yake, ilitambulikana kwa jina. Zikibadilishwa sifa hizo zote kwa mara moja, hapakuwa na wa kuitambua, na safu ilirudi tupu. Kwa hiyo vitabu vilimwusia mtumiaji abadili jina leo, ahifadhi, kisha ndipo abadili upana. Edgar Codd wa kampuni ya IBM alikwisha andika mwaka 1970 kwamba watumiaji wa hifadhidata hawapaswi kulazimishwa kujua jinsi habari zilivyopangwa ndani ya mashine. Miaka 14 baadaye karani alikuwa angali akilazimishwa kujua ni jambo gani litangulie lingine.

Kufikia hapo dBASE ilikuwa imezaa tabaka zima la mafundi wadogo. Hawa walitunga kwa lugha yake programu za maduka, shule na zahanati, na tangu 1985 programu ya Clipper, ya kampuni ya Nantucket, iliwawezesha kuigeuza kazi yao kuwa faili moja linalojiendesha bila ya mteja kununua dBASE yenyewe. Fundi alitia kazi yake katika disketi, akampelekea mteja. Alipoirekebisha, alipeleka disketi nyingine. Hapo ndipo ilipofichama hasara kubwa zaidi kuliko ile ya kubadili muundo. Disketi ya kwanza ilikuwa na programu pamoja na majedwali matupu ya kuanzia kazi. Kama fundi hakuwa mwangalifu, disketi ya pili nayo ilikuwa na majedwali yaleyale matupu, yenye majina yaleyale. Mteja aliingiza disketi, akaandika amri ya kunakili kila kilichomo, na majedwali matupu yakaandikwa juu ya yale yaliyojaa.

Mfumo wa MS-DOS wa siku zile haukuuliza swali lolote. Amri yake ya kunakili ilifuta faili la zamani lenye jina moja na jipya bila kunong'ona, na hali hiyo iliendelea hadi toleo la 6.2, lililotoka mwaka 1993, ndipo ilipoanza kuuliza kwanza. Kwa zaidi ya miaka kumi, basi, kinga pekee iliyokuwapo ilikuwa desturi njema ya fundi: kuweka programu katika folda moja na majedwali katika folda nyingine, na kutotia katika disketi ya marekebisho kitu chochote ambacho mteja anaweza kuwa ameandika ndani yake. Sheria hii yaonekana ya kitoto. Lakini tazama jinsi ilivyosahauliwa mara kwa mara na watu wenye elimu kubwa kuliko mafundi wale.

Sasa nageukia upande mwingine, kwa kuwa wakati huohuo palikuwa na programu ambayo haikutangazwa kwa fedha nyingi, na ambayo naiona ilikuwa na hekima zaidi. Shirika la Kazi la Kimataifa huko Geneva lilikuwa limetunga katika miaka ya 1960 mfumo wa kuorodhesha vitabu na nyaraka ulioitwa ISIS. UNESCO iliurithi na kuuendeleza, na mwaka 1985, kwa kazi ya Giampaolo Del Bigio, ikautolea umbo la kompyuta ndogo, CDS/ISIS. Programu hii ilitolewa bure kwa taasisi zisizofanya biashara, ikagawanywa kwa kupitia wakala waliowekwa katika nchi mbalimbali. Maktaba nyingi na vituo vya nyaraka katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini viliingia zama za kompyuta kwa mlango huo, zikiwamo maktaba za Afrika Mashariki.

Mkutubi hawezi kuishi na vyumba vya kambi. Kitabu kimoja kina mwandishi mmoja, kingine kina watano. Kimoja kina kichwa cha maneno mawili, kingine cha mistari miwili. Kwa hiyo ISIS haikuzipa rekodi urefu mmoja. Kila rekodi ilibeba mbele yake orodha ndogo ya yaliyomo: namba ya sehemu, mahali inapoanzia, na urefu wake. Sehemu ilitambulikana kwa namba, wala si kwa mahali ilipo. Ilirefuka kadiri ilivyohitaji, na iliweza kurudiwa. Maelezo ya sehemu hizo yalikaa katika faili jingine, na namna ya kuzionyesha mbele ya macho yalikaa katika faili la tatu. Mkutubi aliyetaka kuongeza sehemu mpya, tuseme ya lugha ya kitabu, aliongeza mstari mmoja katika faili la maelezo, akaendelea na kazi. Rekodi 10,000 za zamani hazikuguswa. Zilikuwa tu hazina namba ile, na hapakuwa na ubaya.

Tena UNESCO ilitenga nyumba tangu mwanzo. Faili dogo liitwalo SYSPAR.PAR liliiambia programu hifadhidata za mwenyewe ziko katika folda gani, na toleo jipya la programu liliweza kuwekwa bila ya kukanyaga huko. Ilipotokea WINISIS, toleo la Windows, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilisoma mafaili yaleyale ya rekodi yaliyoandikwa na toleo la DOS, hata maktaba ziliweza kutumia yote mawili katika kipindi cha mpito. Na aliyetaka kuhama kabisa, kwenda katika mfumo mwingine, alikuwa na njia ya kutoa rekodi zake zote kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 2709. Hili la mwisho naliweka juu ya yote. Mtunza amana hujulikana siku anapoombwa kuirudisha.

Sisemi kuwa ISIS haikuwa na dosari. Lugha yake ya kupanga maonyesho iliwatesa wengi, na kuunganisha jedwali na jedwali kulikuwa kazi ngumu. Lakini dunia ya biashara haikuitazama kabisa, na ilipopita njia nyingine ilibidi iyagundue upya yaliyokwisha julikana.

Njia hiyo nyingine ilifunguliwa Novemba 1992, Microsoft ilipotoa Access. Fahari ya Access ilikuwa hii: kila kitu katika faili moja. Majedwali, fomu za kujazia, taarifa za kuchapwa, maswali yaliyohifadhiwa na maagizo ya programu, vyote vilikaa katika faili moja lenye jina linaloishia kwa MDB. Kwa mtu anayejitengenezea hifadhidata yake mwenyewe hii ni neema isiyo kifani. Hubeba faili moja, hunakili faili moja, na hakuna kipande kitakachopotea njiani. Watu wasiopata kusomea uprogramu waliweza kujijengea rejista ya shule kwa wiki mbili, na wengi walifanya hivyo kwa ustadi.

Lakini mara hifadhidata ile inapotoka mikononi mwa aliyeitunga na kukabidhiwa mtu wa pili, neema hugeuka mtego. Fundi ameipeleka kazi yake katika ofisi ya mteja mwezi wa Januari. Kufikia Machi mteja amekwisha ingiza rekodi 4,000, na fundi, huko kwake, amekwisha rekebisha fomu tatu na taarifa moja. Atazipelekaje? Akipeleka faili lake, atafuta rekodi za mteja. Akilichukua faili la mteja ili alirekebishe, ofisi haina budi kusimamisha kazi hadi alirudishe, na kila kitakachoandikwa katika siku hizo kitapotea au kitanakiliwa kwa mkono. Mali ya watu wawili imefungwa katika sanduku moja lenye kufuli moja.

Dawa ilikuwa ileile ya disketi: kutenga. Access iliruhusu tangu mwanzo majedwali yaliyomo katika faili moja yaambatishwe katika faili jingine na kutumika kana kwamba yamo humo. Basi mafundi wakajenga mafaili mawili. La nyuma lilikuwa na majedwali tu, nalo lilikaa kwa mteja daima. La mbele lilikuwa na fomu, taarifa na maagizo, nalo liliweza kubadilishwa lote kila mara, kwa kuwa halikuwa na neno hata moja la mteja. Microsoft wenyewe baadaye waliweka katika Access msaidizi wa kuligawa faili kwa vibonyezo vichache, ambako nakuona kuwa ni kukiri kwa namna fulani. Likabaki swali la faili la nyuma lenyewe linapohitaji safu mpya. Kwa hilo, mafundi waangalifu waliweka humo jedwali dogo la safu moja na rekodi moja, lenye namba ya toleo. Faili jipya la mbele lilipofunguliwa mara ya kwanza, lilisoma namba ile, likatambua kuwa linatazama majedwali ya toleo la 5 ilhali lenyewe lataka la 7, likaongeza safu za toleo la 6, kisha za toleo la 7, kisha likaandika 7. Kwa njia hiyo mteja aliyechelewa miaka miwili alifikishwa alipo mwenzake kwa kupitia hatua zilezile, bila kuruka hata moja.

Microsoft ilijaribu pia njia ya fahari zaidi. Katika Access ya mwaka 1995 iliwezekana hifadhidata moja kuzaa nakala nyingi, mojawapo ikiwa mama wa muundo. Safu mpya iliyoongezwa kwa mama ilisambaa kwa watoto wote walipokutana kulinganisha rekodi, na rekodi za watoto zilirudi kwa mama. Kwa maneno machache, muundo ulishuka na data ikapanda, bila ya kugongana. Ulikuwa mpango wa kupendeza. Lakini ili kuzuia nakala mbili zisitoe namba moja kwa wateja wawili, namba zilizokuwa zikifuatana 1, 2, 3 ziligeuzwa kuwa za kubahatisha, nyingine zikiwa chini ya sifuri. Na karani ambaye stakabadhi yake ya jana ilikuwa namba 312 alishangaa ya leo ikiwa na tarakimu kumi na alama ya kutoa mbele yake. Faili la aina mpya lililoletwa na Access ya 2007 halikuwa na mpango huo, na taratibu ukaondolewa kabisa.

Mwaka huohuo wa 2007 lilitokea jambo lililowafunza wengi kwa lazima. Windows Vista ilipotoka iliwakataza watumiaji wa kawaida kuandika ndani ya folda ya programu. Ilikuwa haki, lakini programu nyingi za zamani ziliweka hifadhidata zao humohumo, kando ya programu yenyewe. Ili zisivunjike, Vista ilifanya hila: programu ilipotaka kuandika katika faili lile, mfumo ulilinakili kwa siri katika folda ya mtumiaji huyo na kuandika huko. Programu haikujua, wala mwenyewe hakujua. Makarani wawili waliotumia kompyuta moja kwa zamu, kila mmoja kwa jina lake, wakawa na madaftari mawili, na kila mmoja alidhani mwenzake hafanyi kazi.

Hata njia za kisasa za kusambaza programu kwa mtandao zilibeba mtego wa aina hii. ClickOnce, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2005, iliiwezesha programu kujisasisha yenyewe kila inapofunguliwa. Faili la MDB lililofungashwa pamoja na programu lilihesabiwa kuwa data na kuhamishwa kila linapokuja toleo jipya, jambo lililokuwa zuri. Lakini iwapo faili lililokuja na toleo jipya lilitofautiana na lile lililokuja na toleo lililotangulia, hata kama ni mtungaji tu aliyeligusa kwake, lile jipya lilichukua mahali pake, na la mtumiaji liliwekwa kando katika folda ndogo iitwayo .pre. Halikufutwa, mtungaji alitarajiwa aandike maagizo ya kulitoa humo na kuhamisha rekodi. Asiyejua habari ya folda ile aliwaacha wateja wake wakitazama jedwali tupu, na data yao i hai, hatua moja tu kutoka hapo, chini ya jina lisiloonekana. Nadhani hapana mfano mwingine uonyeshao wazi hivi tofauti ya kuhifadhi kitu na kukirudisha kwa mwenyewe.

Nimesema tutakutana tena na zile hatua nne. Mwaka 2000 D. Richard Hipp alitoa SQLite. Wazo lilimjia alipokuwa akitengeneza programu ya manowari ya Marekani, ambayo ilikwama kila hifadhidata kubwa ya pembeni iliposimama. Akaona afadhali hifadhidata iwe faili tu, isiyohitaji mtumishi. Leo SQLite imo karibu katika kila simu na kila kompyuta. Kwa muda mrefu ilikuwa na uwezo mdogo wa kubadili jedwali: kuongeza safu iliweza, lakini kubadili jina la safu iliweza mwaka 2018, na kuondoa safu mwaka 2021. Kwa mabadiliko mengine maelezo yake rasmi yafundisha hivi: jenga jedwali jipya kwa muundo utakao, mimina rekodi za la kale ndani yake, liondoe la kale, mpe jipya jina la marehemu. Ni hatua za dBASE II, kwa tofauti moja yenye thamani kubwa: zote hufanywa ndani ya muamala mmoja. Umeme ukikatika katikati, na sisi tunaoishi na umeme wa kukatika tunajua uzito wa sharti hilo, faili hurudi kama lilivyokuwa, kana kwamba hakuna aliyeligusa.

Jedwali dogo la namba ya toleo, ambalo mafundi wa Access walijitengenezea, katika SQLite limo ndani ya faili lenyewe. Utangulizi wa faili una baiti 100, na kuanzia baiti ya 60 pana nafasi ya namba nzima ambayo SQLite haiigusi; ameachiwa mtungaji wa programu aandike humo umri wa muundo wake. Firefox, kivinjari cha intaneti ambacho tangu toleo la 3 la mwaka 2008 huweka alamisho na historia ya msomaji katika faili la SQLite, hutumia nafasi hiyo kwa kazi hiyo. Matoleo yake hufuatana kwa majuma machache, na mamilioni ya watu huhamishwa wao na alamisho zao bila kujua kuwa usiku ule walihama nyumba.

Palikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi, nao ni wa kurudi nyuma. Mtu asiyelipenda toleo jipya huweka tena la zamani, na la zamani halijui kusoma muundo ulioandikwa na lililolifuata. Pengine hukataa, pengine, na hili ni baya zaidi, hujaribu. Mwaka 2019 Firefox 67 ilianza kumzuia mtumiaji kufungua kwa toleo la zamani kumbukumbu zilizokwisha guswa na toleo jipya. Watu walilalamika kuwa wamenyimwa uhuru wa kompyuta zao wenyewe, nami siwalaumu, ingawa katika jambo hili nipo upande wa waliofunga mlango.

Na mafaili ya DBF? Ashton-Tate ilinunuliwa na Borland mwaka 1991, na dBASE ikafifia. Lakini kampuni ya Esri, inayotunga programu za ramani, ilikuwa imechagua DBF iwe daftari la habari za ramani zake za aina ya shapefile, na aina hiyo ya ramani ingali ikipitishwa mkono kwa mkono katika ofisi za mipango na takwimu duniani kote, za kwetu zikiwamo. Utangulizi wa DBF hauachi nafasi ya jina la safu lenye zaidi ya herufi 10. Kwa sababu hiyo afisa wa ramani anayeandika leo kichwa cha safu "Idadi_ya_Watu" na kuhifadhi kazi yake katika faili la aina hiyo, akilifungua tena hukuta pameandikwa "Idadi_ya_W".